Kinyozi Aliyekunywa Maji ya Kila Mtu

Kuna vinyozi wabishi na kuna vinyozi wakimya, na huyu wetu hakuwa wa kundi hili wala lile. Huyu kazi yake ilikuwa kukubali. Ukikaa kwenye kiti chake ukasema mvua mwezi huu hainyeshi ng'o, anakubali. Akija mwenzako baada yako, kiti hakijapoa, akasema mvua inanyesha kesho, anakubali vilevile, na mashine inaendelea kunguruma kisogoni kama kawaida. "Sawasawa, kaka." "Sawasawa, mzee wangu." "Hapo umenena, sawasawa kabisa." Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaa mzima ulimwita Sawasawa, na walipoanza kumwita hivyo, nalo alikubali.

Usimcheke. Mtu aliyewekewa wembe kooni hapendi kubishiwa, na kinyozi mbishi hufunga duka mapema. Mjomba wake, aliyemfundisha kazi, alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba kichwa ni cha mteja na maneno ni ya mteja, chake yeye ni nywele zinazoanguka chini. Basi miaka ishirini na ushee alisimama katika chumba kile chenye vioo viwili vinavyotazamana, chupa ya spiriti, kopo la poda na redio isiyozimwa, akikubali. Jioni akifunga mlango, taya zinamuuma kwa kutabasamu.

Ndiyo maana alikimbia. Watu walidhani anapunguza tumbo, eti daktari kamwambia. Wapi! Alikimbia kwa sababu barabarani alfajiri hakuna mtu wa kumuuliza, "Au siyo, Sawasawa?" Alikuwa na pumzi zake, na viatu vyake vikigonga lami, na mawazo ambayo hakuwa amepewa na mtu. Alianza kwa kuzunguka uwanja wa shule, akaongeza kidogo kidogo, mpaka siku za mapumziko akawa anakula kilomita thelathini na jirani yake mchomelea vyuma, Fundi Grili, mtu mwenye maneno mengi ambaye akikimbia, ashukuriwe Mungu, hana pumzi ya kuyasema. Sawasawa angenyang'anywa duka, angefungua jingine. Angenyang'anywa mbio, mimi sijui angebaki nani.

Na alikuwa karibu kunyang'anywa.

Mji wao ulikuwa na marathoni yake, kuzunguka mji mara nne. Mwaka wa kwanza alipoingia, mzunguko wa tatu misuli ya miguu ilimkaza, akakaa ukingoni mwa barabara analia kama mtoto aliyechomwa sindano. Mwaka uliofuata alijitahidi, akafika mbele kidogo, akatapika, akaanza kuyumba, na Fundi Grili akamrudisha nyumbani nyuma ya pikapu, kalazwa juu ya madirisha ya chuma ya mteja. Mkewe, ambaye hushona sare za shule sebuleni, alisikia honi, akatoka na tepu ya kupimia shingoni, akamwona mumewe anateremshwa kama gunia. Hakupiga kelele. Alimwacha apone kwanza, kisha akamketisha.

"Baba watoto, mwakani nenda. Sikuzuii. Ukirudi kwa miguu yako, kimbia mpaka uzeeke. Lakini ukibebwa tena, mbio basi. Umenisikia?"

"Sawasawa, mama watoto."

"Usiniletee sawasawa za dukani hapa. Niapie."

Akaapa.

Habari za kuanguka kwake zilifika dukani kabla yeye mwenyewe hajarudi kazini, na tangu siku hiyo kila kichwa kilichoingia mle kiliingia na dawa yake. Mwalimu wa mazoezi ndiye aliyeanza. "Maji, Sawasawa. Ulikosa maji. Usisubiri kiu, kiu ikija umeshachelewa. Kituo chochote ukikiona, kunywa." Sawasawa. Dereva wa lori akaja kunyolewa ndevu, akasema chumvi ndiyo inayoua wakimbiaji, inakausha damu, aiache kabisa. Sawasawa. Mhasibu mstaafu, ambaye hata mvua haijapata kumkimbiza, akasema upuuzi, chumvi ni lazima, jasho lenyewe lina chumvi, hujawahi kulilamba? Sawasawa, mzee wangu, nimewahi. Kuna aliyesema ale ndizi. Kuna aliyesema ndizi zitamjaza gesi. Mmoja alimwambia anywe soda iliyotikiswa mpaka imeisha povu, na mwingine, akiwa bado na sabuni kidevuni, akaapa kwamba shemeji yake aliacha soda ndipo akaanza kushinda.

Watu na midomo yao, jamani! Hakuna hata mmoja aliyemuuliza alikunywa nini siku ile, alikula nini, alijisikiaje. Wangeuliza wangeshangaa, kwa sababu siku ile aliyoteremshwa kwenye pikapu alikuwa amekunywa vituo vyote.

Yeye mwenyewe kichwa kilimvurugika. Usiku analala anaamini chumvi, asubuhi anaamka haiamini. Mwisho akamuuliza Fundi Grili, wakiwa wamesimama nje ya karakana, cheche zimepoa.

"Hivi wewe mwenzangu unakunywaje kwenye mbio?"

"Mimi? Nikisikia kiu nakunywa."

"Na usiposikia?"

"Sinywi."

"Hivyo tu?"

"Kwani kuna kingine? Ule unga wa chumvi na sukari ninao mfukoni, wa duka la dawa. Nikiona jasho limekuwa jeupe kwenye fulana nakoroga kidogo. Lakini maji tu, ya kujijaza, ya nini?"

Sawasawa alimwitikia, ila moyoni alimwona mwenzake kama mtu asiyejua mambo, Mungu amsamehe. Watu wote wale wamesema maji. Huyu ni nani?

Tatizo jingine lilikuwa nyumbani. Nyumba ile haikuwa na chumvi. Sisemi ilipungua, haikuwamo. Mama mkwe wake alikuwa akiishi nao, mama mcheshi, mwenye presha, na kama wengi wenye presha alipenda chumvi kama mtoto anavyopenda sukari. Madaktari walimkataza. Binti yake akapika bila chumvi, mama akasusa, akazira, akasema basi mnizike tu nikale udongo. Binti akamhurumia. Akawa anamtilia kidogo, kisha kidogo tena. Asubuhi moja mama aliamka akauliza mlango wa jikoni wamehamishia wapi, na mlango uko pale pale. Kabla hawajamjibu akaanguka, na hakuinuka tena. Kiharusi.

Walipotoka kuzika, mkewe Sawasawa alichukua kopo la chumvi akalitupa. Tangu hapo miaka minne ilipita, nyumba inakula mboga zisizo na chumvi na mchuzi wa maji ya moto yenye rangi. Na Sawasawa akimaliza kula kila usiku anafuta midomo anasema, "Leo umenipatia kweli, mama watoto."

Kila mumewe alipoanguka kwenye mbio, mkewe aliona ni mama yake anaanguka tena. Akatafuta cha kupunguza. Akaacha hata mkate wa dukani, akisema umetiwa chumvi. Jioni akawa anamjazia jagi la maji, anamsimamia mpaka limalizike, maana maji yanasafisha. Hebu fikiria: mtu anatoka jasho alfajiri la kukamua fulana, mchana anasimama dukani bila feni ya maana, usiku hapati chumvi hata ya kuonja, na juu ya hayo anamiminiwa maji. Kadiri alivyokunywa ndivyo alivyochoka, na kadiri alivyochoka ndivyo walivyomwambia anywe.

Siku ya marathoni ya tatu mkewe aliamua kwenda naye. "Safari hii nitakuwa barabarani mwenyewe," alisema. "Kila mzunguko ukipita, chupa yangu unaichukua." Alizifunga chupa nne kubwa kwa kitambaa cha sare kilichobaki, ili azitambue, akasimama pale barabara inapopinda karibu na benki. Alikuwa na hofu, akaificha kwa ukali.

Kwenye uwanja wa kuanzia waandaaji walimpima kila mtu uzito na kuuandika kwa wino mzito nyuma ya namba ya kifuani, eti akianguka mtu wajue pa kuanzia. Fundi Grili aliuona wa kwake akasema mzani umelewa. Bunduki ikalia, wakaondoka.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa raha tupu. Hewa ya asubuhi ilikuwa baridi, miguu myepesi, na Sawasawa akajiona mwanamume. Kila meza ya maji alipofika akanyoosha mkono, akapewa bilauri mbili, akazimaliza. Hakuwa na kiu. Lakini wale vijana wa mezani walikuwa wanamtazama kwa bashasha, wamemnyooshea, na yeye hajawahi kukataa kitu alichonyooshewa. Penye benki akaipokea chupa ya mkewe, akainywa yote huku anakimbia, akamrushia busu la mbali. Mkewe akajifanya hakuliona.

Mzunguko wa pili jua lilipanda. Tumbo likaanza kusukasuka, unalisikia kabisa, kama dumu lililofika nusu. Pete ya ndoa ikaanza kubana. Akaigusa, akashangaa, jana ilikuwa inazunguka yenyewe kidoleni. Viatu navyo, vile vile alivyofanyia mazoezi, vikawa kama vya mdogo wake. Kichwa kikaanza kugonga upande mmoja. Sasa kama ungekuwa wewe ungefikiri nini? Yeye alifikiri: haya ndiyo yale waliyonionya, maji yamepungua mwilini. Akaongeza bilauri ya tatu kila meza. Tumbo likamwambia hapana, yeye akaliambia tulia, watu wote wale hawawezi kukosea. Chupa ya pili ya mkewe aliimaliza akiwa anataka kutapika.

"Vipi?" mkewe alimuuliza, akikimbia pembeni yake hatua chache na gauni lake.

"Sawasawa," alisema, na ulimi ukawa mzito.

Mzunguko wa tatu hakuuelewa vizuri, na mimi siwezi kukusimulia vizuri kuliko yeye alivyouona. Barabara ilikuwapo, kisha haikuwapo. Alipita kituo cha mafuta, baadaye kidogo akapita kituo cha mafuta, akajiuliza ni kile kile au mji una vituo vingi hivi tangu lini. Alitaka kukumbuka amebakiza mizunguko mingapi, akahesabu vidole, vidole vikawa vinene, akapotea katikati. Kitu kimoja tu kilibaki wazi kichwani: asibebwe. Kwa nini asibebwe, hilo lilikuwa limeshamtoka.

Ndipo alipokiona kile kisogo.

Kilikuwa mbele yake, kinapanda na kushuka, kisogo cha kijana wa watu anayekimbia zake, hana hili wala lile. Na kilikuwa kimechongwa vibaya. Mstari wa nyuma ulipinda, upande wa kushoto umepandishwa, wa kulia umeachwa. Sawasawa aliumia moyo. Mtu unamwachaje mteja atoke dukani hivi? Akaongeza mwendo, akamshika bega.

"Kaa, kaka."

"Nini?"

"Kaa hapa, dakika moja. Huwezi kutembea hivi mjini, utanichafulia jina."

Yule kijana akadhani ni utani wa kutiana nguvu, akacheka, akataka kuendelea. Sawasawa akamng'ang'ania. Akavua fulana yake mwenyewe, imelowa chepechepe, namba inaning'inia, akaanza kumfunga nayo shingoni kama shuka la kunyolea. Akajipapasa mifukoni akitafuta mashine. Watu waliokuwa kando ya barabara walivunjika mbavu. Kuna waliotoa simu wakapiga picha.

"Nani kazima redio?" Sawasawa akauliza, amekasirika kweli. "Nani amezima redio humu ndani?"

Wakazidi kucheka. Hawa nao! Mtu macho yamemtoka hivyo, wewe unacheka na nini?

Mmoja tu hakucheka. Mkewe alikuwa pale penye kona, na chupa ya tatu mkononi, na lile swali la redio lilimfikia. Mama yake aliulizia mlango. Alimkimbilia mumewe, akamshika shavu, akamwekea chupa mdomoni. "Kunywa, baba watoto. Kunywa." Akanywa, lini alikataa? Yule kijana wa kisogo akavua ile fulana, akasema jamani huyu haigizi. Kundi zima likageuka. "Mpeni maji!" "Mmwagieni kichwani!" "Maji, maji!" Chupa zikaletwa kutoka kila upande.

"Acheni!"

Sauti hiyo ilitoka kwa muuguzi mmoja mfupi, amevaa glavu, anapenya katikati ya watu kwa viwiko. "Asipewe hata tone. Toa hiyo chupa, mama. Toa!"

"Wewe dada una wazimu?" mtu mmoja akafoka. "Mtu anakufa kwa kiu unamnyima maji?"

"Huoni alivyokauka?" mkewe akasema, hajaiachia chupa.

"Hakukauka huyu. Tazama mkono." Muuguzi akauinua mkono wa Sawasawa, vidole vimevimba, pete imezama kwenye nyama. "Aliyekauka pete inamdondoka. Huyu amejaa. Leteni machela."

Machela ilipoletwa, Sawasawa aliyekuwa mpole maisha yake yote akageuka simba. Akarusha mikono, akampiga mbebaji mmoja kifuani. "Sibebwi! Nimeapa, mimi sibebwi!"

"Umemuapia nani, kaka?" muuguzi akamuuliza, akitafuta nafasi ya kumshika.

Sawasawa akasimama, anatafuta. Alitafuta kabisa, paji lote limekunjamana, na hakupata.

"Umeniapia mimi," mkewe akasema. Sasa alikuwa analia wazi, hajali watu. "Mimi hapa. Nimefuta kile kiapo, unasikia? Nimekifuta. Bebwa, baba watoto, nakupigia magoti, bebwa."

Akamtazama. Akatabasamu lile tabasamu lake la mlangoni, la kumpokea mteja mgeni.

"Karibu, dada," akasema. "Wewe ni nani?"

Wakambeba.

Kwenye hema la huduma walimsimamisha kwenye mzani, watu wawili wamemshikilia, muuguzi akaigeuza namba kwenye ile fulana waliyokuja nayo akasoma wino wa asubuhi. Alikuwa ameongezeka kilo mbili. Mtu aliyekimbia mizunguko miwili na nusu juani! Daktari kijana aliyekuwa mle hakusubiri, akamtundikia chupa ndogo ya dripu ya maji ya chumvi kali. Fundi Grili, aliyeacha mbio zake aliposikia habari, alisimama mlangoni mwa hema akijifuta uso kwa kofia. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na la kusema, na hakuwa akikimbia.

Akili ilirudi kidogo kidogo. Kwanza aliona turubai. Kisha akasikia mtu anatapika, na baadaye akatambua ni yeye. Halafu akaona mkono wa mkewe juu ya goti lake, kidole cha shahada kina sugu ya sindano, akaujua.

"Jina lako?" muuguzi akamuuliza.

"Sawasawa."

"Hilo ni jina au unanijibu?"

"Jina," Fundi Grili akasema kutoka mlangoni. "Ni jina, dada. Amerudi."

Muuguzi akavuta kiti. "Niambie. Ulikunywa kila kituo?"

"Kila kituo."

"Ulikuwa na kiu?"

Sawasawa akafikiri. "Hapana."

"Sasa ulikunywa kwa nini?"

"Walinipa."

Muuguzi akatikisa kichwa. Akaeleza kwa maneno mepesi: ukitoka jasho, chumvi inatoka. Ukirudisha maji matupu, tena zaidi ya uliyopoteza, chumvi iliyobaki mwilini inazimuliwa, na ubongo unavimba, mtu anaanza kusema ovyo. Wengine hawafiki kwenye hema. "Kiu ndiyo ikuongoze," akasema. "Na mbio za saa nyingi usinywe maji matupu tu, ila hata yenye chumvi, ukiyajaza kupita kiasi, ni haya haya. Na nyumbani? Chakula chako kina chumvi ya kutosha?"

Sawasawa alifungua mdomo, jibu lake la miaka yote liko tayari ulimini.

"Hakina," mkewe akasema. "Nyumba yangu haina chumvi. Mama yangu alikufa kwa presha, mimi ndiye niliyekuwa nikimtilia. Nikaitupa. Sasa na huyu nimetaka kumuua kwa kutomtilia. Hebu niambie, dada, wewe uliyesoma. Nipike vipi?"

Muuguzi alimjibu moja moja. Alisema mama alikuwa na ugonjwa wake, na mzee mwenye presha kweli anapunguziwa chumvi, madaktari hawakukosea. Alisema presha ya huyu wamepima, ni nzuri, na mtu anayetoka jasho hivi kila siku anahitaji chumvi yake ya kawaida. Alisema kosa kubwa la leo ni maji, si mboga. Mkewe alikuwa anaitikia kwa kichwa, lakini ulimwona haelewi, au anaelewa na halimwingii: kitu kimoja, jikoni moja, kilichomuua mama ndicho kilichokosekana kwa mume. Kisha akaletwa mtu mwingine kwa machela, muuguzi akainuka akawaacha.

"Chakula changu hakina ladha?" mkewe akauliza, bila kumtazama.

"Ki..." Sawasawa akaanza. Akajikatiza. "Hakina."

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike mama."

"Miaka minne."

"Minne."

"Na kila usiku unaniambia leo umenipatia kweli."

Sawasawa akaigusa pete, bado imebana.

"Unajua nilichokuwa nataka mimi?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Sawasawa. "Nilikuwa peke yangu mle jikoni na woga wangu. Nikipunguza hiki, naogopa. Nikipunguza kile, naogopa. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie mama watoto, hapa umezidisha. Mtu mwenyewe ndiye wewe. Na wewe unanichekea kama mteja. Ungekufa, wewe! Ungekufa mezani kwangu huku unanisifia mchuzi."

Fundi Grili akatoka nje taratibu.

Sawasawa alitazama tone la dripu linavyoshuka. Hapakuwa na la kukubali hapo. Lote lilikuwa kweli na kulikubali ilikuwa ni kumkwepa tena. Alitamani kusema kitu chake mwenyewe na hakujua kinaanzia wapi, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba kigeni.

"Nimebebwa," akasema mwishowe.

"Umebebwa."

"Ulisema umefuta. Lakini ulifuta kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa. Sasa akili imerudi, unaweza kusema basi, na mbio ziwe basi." Akavuta pumzi. "Mimi sitaki. Usinikataze, mama watoto. Na ukinikataza, leo nitabisha."

Mkewe akageuka akamtazama kama anamwona mtu mpya. Nje kipaza sauti kilikuwa kinataja namba za waliomaliza.

"Na mimi nikiogopa?" akauliza.

"Ogopa. Na mimi naogopa. Leo sikukujua wewe ni nani."

Muuguzi alirudi na kikombe cha supu, akasema ina chumvi ya kutosha, anywe polepole, funda moja moja. Sawasawa akanyoosha mkono. Mkewe akauzuia, akakipokea kikombe yeye, akakionja kwanza. Ulimi ambao haukuwa umegusa chumvi miaka minne ulishtuka, uso wote ukakunjamana, machozi yakamjaa upya. Akakaa hivyo amekishika kwa mikono miwili, hakitui, hampi. Kisha akamwekea mumewe mdomoni, akamngoja ameze, akamwongeza.

"Mwakani," akasema, macho kwenye kikombe, "chupa mimi usinipe nishike. Nitasimama pale mwisho, mikono mitupu, nikungoje."